Mforosadi Mweupe wa Dilala

Nyuma ya nyumba yetu ya Dilala, hapa Kolwezi, hizi nyumba za zamani za wafanyakazi wa migodi, kuna miforosadi miwili. Mmoja unazaa matunda meusi yanayopaka meno rangi. Mwingine unazaa meupe, yamepoa mdomoni, hata ndege wanayapita. Mume wangu ananunua mawe ya kobalti, na mnunuzi wa Kolwezi kwanza anaangalia rangi: jiwe jeusi ndilo lenye tenere, yaani lina mali ndani, lililopauka linatupwa. Basi na miti aliipima vilevile. Ule mweupe akauita taka, akasema ataukata anijengee kibanda cha kuuzia unga. Na mimi, kusema kweli, kibanda nilikitaka.

Ndipo mama yangu akaja kukaa kwetu. Kule Kasulo majirani walikuwa wamechimba kobalti mpaka chini ya chumba chake, ukuta ukapasuka. Alikuja na nguo zake, ugonjwa wa sukari, na kidonda kwenye kidole cha mguu. Daktari alituambia waziwazi: sukari isiposhuka, mguu utakatwa.

Kwetu mwanaume haongei na mama mkwe wake uso kwa uso, wala hamkuti akila. Kwa hiyo mume wangu, masikini ya Mungu, alionyesha upendo kwa njia yake: kila asubuhi alichuma beseni la matunda meusi, akaliacha mlangoni, akakohoa, akaenda zake. Meusi, si ndiyo yenye tenere? Mama naye, kwa kumheshimu mkwe wake, hakubakiza hata moja. Sukari ikapanda.

Muuguzi wa zahanati alipomwuliza anakula nini, akasikia habari ya beseni, alishika kichwa. Akatueleza polepole: ile rangi nyeusi kweli ina faida, inasaidia mishipa ya damu, lakini tunda lenyewe lina sukari, na kwa beseni ni balaa. Aliuliza kama tuna mforosadi mweupe. Majani yake, akasema, yana kitu kinachochelewesha sukari ya bukari, ugali wetu huu, kuingia kwenye damu. Ayachemshe, anywe wakati wa chakula, ila vidonge asiviache hata kidogo, na arudi kupimwa.

Lo, kurudi nyumbani tunamkuta bwana ana shoka mkononi, ameshavua shati. Nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia. Yeye ambaye hakuwahi kumwambia neno tangu niolewe, alikwenda akichechemea mpaka kwenye shina, akasimama mbele yake, akamwita baba kwa heshima.

“Tata, ukikata huu muti, unakata na muguu yangu.”

Mume wangu aliinamisha uso, akaweka shoka chini. “Eyo, mama,” akakubali, basi.

Toka siku ile anachuma majani mwenyewe, anayaosha vumbi la migodi, anayaanika, anayaacha mlangoni, anakohoa. Mama alimeza vidonge, akanywa majani, akasahau beseni, kidonda kikafunga. Namshukuru Mungu, namshukuru yule muuguzi, na huyu mwanaume wangu mkaidi pia. Kibanda sina. Unga nauzia nje, jua linanichoma, na hata sinung'uniki sana.

Jumapili mama anapita uani kwenda kanisani. Mume wangu, kwa heshima, haangalii uso wake, anaangalia chini. Na kule chini anaona viatu viwili, vyote vina mguu ndani.