Mtani Aliniambia Mashine Ile Si ya Kukata Viungo

Watu wanajua vidole vitatu vya shemeji yangu vilikatwa na mashine. Si kweli. Nilivikata mimi, kwa mdomo wangu.

Mimi ni fundi seremala hapa Shinyanga. Shule niliacha darasa la nne nikachunge ng'ombe, lakini karakana nimeijenga mwenyewe na watoto wangu wamesoma kwa patasi. Kwa hiyo huwa siulizi mtu. Kuuliza niliona ni kwa wasiojua.

Mwaka jana tulipata kazi ya milango ya gesti huko Katoro. Mimi na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tulikuwa tunakata viungo kwa mkono. Ubao huu unautoboa tundu, ule mwingine unauchonga ulimi, unagonga unaingia, hauchezi. Kazi ya polepole sana. Nikasema basi, tununue mashine.

Dukani Mwanza muuzaji aliniuliza, "Mzee, unataka ya kufanyia nini?"

"Nipe ile kubwa." Nikaionyesha kwa kidole. Ndivyo nilivyochagua, jamani.

Ilipofika karakana watu walijaa. Akaja pia mtani wangu, Mgogo anayenoa misumeno jirani yetu. Akaizunguka, akachungulia kile kisu kilichosimama katikati ya meza.

"We Msukuma, hii ni ya kuchonga nakshi za pembeni mwa fremu. Ukiusimamisha ubao mwembamba ukate ulimi, kisu kitauvuta pamoja na mkono. Ulitakiwa ile yenye kigari cha kubania ubao."

"Kale mlenda wako huko. Mashine mmezijulia wapi nyie?"

"Mlenda nitakula, na nitaula kwa vidole vyote kumi."

Watu wakaangua kicheko. Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Mzee, hapa sitanii."

Nami nikapaza yangu wote wasikie. "Mtani akisema hatanii ndiyo kwanza kaanza!"

Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Nilimwona kwamba hacheki, na bado nikawasha mashine.

Shemeji akasema polepole, "Shemeji, kwa nini tusiendelee na patasi mpaka tuulize vizuri?"

"Kama unaogopa, kamsaidie dada yako kupembua mchele."

Mbele za watu nilimwambia hivyo, mtu mzima mwenye mke na watoto kwake kijijini Samuye. Akatabasamu kama mtu aliyetandikwa kibao, akachukua ubao. Hatukumaliza hata mlango mmoja. Kisu kiliunyakua ubao, na mkono ukafuata.

Hospitali mke wangu aliuliza imekuwaje. Nilifungua mdomo, sijui ningesema nini. Shemeji akaniwahi. "Niliteleza, dada. Nilikuwa na haraka."

Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.

Nilimpelekea ng'ombe. Alimpokea, akasema ahsante shemeji, akaenda kumfunga kwa ule mkono mzima. Nilisimama namwangalia anahangaika na kamba, nisijue kama nimsaidie au niondoke. Mtani naye akipita hanitukani tena. Ananiamkia kwa heshima, shikamoo mzee, anapita. Mashine nimeifunika turubai. Kuiuza siwezi, maana mnunuzi ataniuliza inafanya kazi gani.

Nyie mafundi wenzangu, mwambie muuzaji kazi unayotaka kufanya, ndipo akutafutie mashine. Usinunue ukubwa. Na mtu aliyezoea kukutania akiacha kucheka, nawe acha, uzime umeme, umsikilize. Usimwite mwenzako mwoga kwa sababu ameuliza.

Hili nimeliandika gazetini kwa sababu usoni kwa mke wangu limenishinda. Yeye hajui kusoma. Jumapili ndugu yake huyo huyo akija kutoka Samuye, ndiye humsomea gazeti. Akifika kwenye mistari hii atatujua. Sijui ataendelea kusoma, au atafungua ukurasa mwingine, anifiche tena.