Aliyenifundisha Mwendo wa Maji

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi katika mji mmoja wa Uingereza, siku niliyomkana babu yangu mbele ya watu. Nilikuwa kijana, nimekwenda kusoma, na Jumamosi nilifanya kibarua cha kutandaza mawe. Uwanja wa katikati ya mji ulikuwa umevunjwa wote ujengwe upya, na wateja wa maduka ya pembeni wakiruka vifusi na mifuko yao. Leo ukiuona unapendeza. Usione vyaelea, vimeundwa, na magoti yangu ni shahidi.

Tulikuwa tumemaliza upande wa duka la mikate. Nikayatazama mawe, nikaona yameinama vibaya. Nikamwambia msimamizi wetu, mzee wa Kiingereza mwenye maneno machache, kwamba mvua ikinyesha maji yataingia dukani. Wenzangu wakacheka. Nikachukua ndoo, nikamwaga maji, yakaenda taratibu hadi mlangoni kama mgeni anayeijua nyumba. Kicheko kikaisha; ikaamuliwa mawe yang'olewe, yapangwe upya.

Msimamizi akauliza, "Kijana, nani amekufundisha haya?"

Jibu nilikuwa nalo, mwanangu. Kule kwetu Uru, mlimani Kilimanjaro, babu yangu ndiye aliyekuwa mzee wa mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji ya mlimani hadi kwenye migomba na kahawa za kila kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Hakuingia darasani hata siku moja, lakini akitembea peku alijua maji yatapita wapi, na mimi nilimfuata na jembe tangu sijang'oa meno ya utoto. Nikawaangalia wahandisi waliosimama pale na kofia zao nyeupe. Nikaona haya. Nikajibu, "Chuoni." Chuoni! Nami nilikuwa nasomea sheria.

Krismasi nikarudi nyumbani Uru. Nikamwamkia babu shikamoo, tukakaa na mbege, pombe yetu ya ndizi, nikamsimulia kwa majivuno. Alifurahi mpaka akajipiga paja. Kisha akauliza, "Na ulipoulizwa, ulimtaja nani?"

Nikamjibu kwa sauti ndogo kwamba nilitaja chuo. Babu akaweka kata chini.

"Mjukuu wangu, mtu wa mwisho wa mfongo hasemi maji yameanzia kwake. Akizoea kusema hivyo, siku ya kwenda kusafisha chanzo hatajua njia."

Heri angenichapa.

Niliporudi Uingereza, kazi ikiwa bado inaendelea, nilimfuata msimamizi nikamweleza ukweli wote. Akaniuliza jina la babu, akajaribu kulitamka mara tatu, kisha akawaita wahandisi wale wale. "Huyu kafundishwa na babu yake, mlimani Kilimanjaro," akasema. "Ninyi mlifundishwa na nani?"

Mwaka juzi dada yako alinipeleka pale. Mvua ilikuwa inanyesha, uwanja umejaa watu, na mlango wa duka la mikate mkavu kabisa. Nilisimama kifua mbele, nikalowa kwa furaha.

Basi mwanangu, mwacha asili ni mtumwa. Unaondoka na vyeti vyako, na nimekuona unavyojikunyata ukiulizwa kwenu ni wapi. Usijikunyate. Ukisifiwa, mtaje aliyekufundisha, hata kama hakujua kuandika jina lake, tena mtaje siku hiyo hiyo, usingoje kukemewa kama mimi. Mungu akutangulie huko uendako, akubarikie kazi ya mikono yako, na akujalie nawe ufundishe mtu, ili siku moja, ugenini, asione haya kukutaja.