Ziwa la Mpiga Picha

Uongo huweza kusemwa bila maneno. Harufu ya mkoba wa ngozi wa kamera hunirudisha kwenye bwawa la kijiji chetu kipya cha ujamaa, lililokauka likabaki dimbwi.

Mpiga picha alichagua lenzi ya pembe pana, akalala kifudifudi, akaisogeza hadi ukingoni mwa maji.

“Kwa lenzi hii litaonekana ziwa, Mwenyekiti.”

“Piga. Watu wa Mgori wakiliona, watakubali kuhamia hapa kijijini.”

Mwanamke mmoja akaingia dimbwini, akasimama mbele ya lenzi. Maji hayakumfika vifundoni.

“Toka, mama!” mpiga picha akafoka.

“Piga upesi, mwanangu, ziwa lenu lisije likanizamisha.”

Hakutoka; kila pembe aliyojaribu mpiga picha, naye alihamia mbele ya lenzi, mpaka filamu ikaisha. Watu wa Mgori hawakuja. Siku ileile, Landrova iliyomleta mpiga picha iliondoka na mwanamke yule, shangazi yangu Monika, akiwa amekamatwa.