Mama Theodosia na Dirisha la Koplo Abdalah

KIBONDO — Saa moja asubuhi. Ukungu haujaondoka juu ya migomba, lakini Theodosia Niyonsaba ameshachuchumaa kando ya shimo lililoachwa na wafyatua matofali. Anachota maji kwa kikombe cha bati, anayainua kwenye mwanga na kuyatazama kama mtu anayetafuta kokoto kwenye mchele.

“Hawa hapa,” anasema, akionyesha vidudu vyembamba vinavyojinyonganyonga. “Tukiwaacha, juma lijalo watakuwa na mabawa, nao watalala vyumbani mwetu.”

Nyuma yake wanawake wanashusha makarai na kuanza kumwaga udongo shimoni. Wote ni wake za askari. Waume zao waliondoka mwishoni mwa mwaka jana, 1978, vita vya Kagera vilipoanza. Sasa ni Agosti. Baadhi ya wanaume wamerudi, na wengine bado wanasubiriwa. Kila gari linaponguruma kutoka njia ya Nyakanazi, majembe yanasimama kidogo, kisha yanaendelea.

Theodosia ni mhudumu wa afya. Kazi yake ni kupita nyumba kwa nyumba katika makazi ya familia za askari, nje kidogo ya mji wa Kibondo. Kikapuni hubeba vidonge vya klorokwini, sindano na uzi wa kushonea vyandarua, na nyundo ndogo. Nyundo hiyo hakupewa kazini. Aliinunua mwenyewe.

“Mimi nilifundishwa mbu na vyoo,” anasema. “Habari ya mwizi na moto hakuna aliyenifundisha. Nimeikuta milangoni mwa watu.”

Alizaliwa Muyama, wilaya ya Kasulu, akaolewa hukohuko. Mtoto wake wa kwanza, Tharsisi, alipofika miaka mitatu alishikwa na homa, kisha degedege. Ndugu walisema ni upepo mbaya. Walimfukiza kwa majani, wakamfunika nguo nzito, na hospitali ilikuwa mbali. Mtoto hakuiona jioni.

“Alikuwa hawezi kulala bila kunishika sikio,” anasema Theodosia, na mkono wake unapanda taratibu hadi kwenye sikio la kushoto. “Hata siku ile alilitafuta.”

Miaka ilipita. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya afya iliyoendeshwa kwa redio, watu wa Muyama walikusanyika darasani kusikiliza. Hapo ndipo alipoelewa kwamba degedege lile lilitokana na malaria, na kwamba malaria huletwa na mbu. Alitoka nje akakaa nyuma ya darasa, akalia. Aliporudi ndani, aliuliza ni wapi mtu anajiandikisha kujifunza kazi hiyo.

Vita vilipoanza, alikuwa Kibondo tayari. Asubuhi wanaume walipopanda malori, makazi yakabaki na wanawake, watoto na vikongwe. Habari hiyo haikukaa sana kabla ya kufika sokoni. Mwezi wa Januari, nyumba mbili zilivunjwa kwa juma moja. Wezi walichukua blanketi, masufuria na baiskeli, na kumwachia mama mmoja jeraha la panga mkononi.

Hofu ikaingia. Wanawake waliomba mbao na misumari, wakapigilia madirisha yao yote. Milango ikawekewa magogo kwa ndani. Mafuta ya taa nayo yaliadimika, na kuna wachuuzi waliouza yaliyochanganywa na petroli. Koroboi zikawa zinalipuka kama fataki. Ndani ya vyumba hivyo visivyo na pumzi, chandarua kilining'inia hapa, koroboi ikawaka pale, na mtu akiwa amelala katikati.

“Niliona tumejifungia na adui,” anasema Theodosia. “Tumemzuia mwizi nje, tumemkaribisha moto ndani.”

Alianza na Veronica, mke wa sajini, mwanamke wa Murungu ambaye wenzake wanamheshimu. Wawili hao walikwenda kwa Bazilio, seremala wa mjini, wakamweleza wanachotaka: dirisha la mbao nzito lenye komeo kwa ndani. Mwizi asiweze kulifungua, lakini hata mtoto aliye ndani aweze. Bazilio alikuna kichwa, akatengeneza moja la mfano. Wanawake walikuja kulijaribu mmoja mmoja, wakicheka, wakilifungua na kulifunga kama watoto.

Tena walikubaliana kwamba kila nyumba itundike debe tupu ukutani kwa nje; anayesikia kishindo alipige, na atakayesikia debe apige lake. Koroboi ikae juu ya sahani yenye mchanga, mbali na chandarua. Na sokoni, mtu akiulizwa mumewe yuko wapi, aseme yuko nyumbani amelala.

Nyumba baada ya nyumba, misumari iling'olewa. Ikabaki moja.

Ilikuwa ya Mwanaamina, binti wa Pangani, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka Kibondo. Mumewe, Koplo Abdalah, alikuwa amelipigilia dirisha kwa mikono yake asubuhi ya kuondoka, hata kabla wezi hawajaanza. Alimwambia mkewe: “Lisifunguliwe mpaka nirudi.” Kisha akambusu mtoto wao wa kike, akaenda.

Theodosia alipofika na nyundo yake, Mwanaamina alisimama mbele ya dirisha.

“Samahani, mama,” alisema. “Hili niachie.”

“Mwanangu, ukipata moto utatokea wapi?”

“Najua. Lakini hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho aliyoifanya humu ndani. Ukiing'oa, nitabaki na nini?”

Theodosia aliirudisha nyundo kikapuni. Anasema hakuona haki ya kumlazimisha. Badala yake akawa anapita kila asubuhi, anaketi kizingitini, na Mwanaamina anamsimulia habari za Pangani: minazi, mto, mama yake anayeuza mikate ya kumimina. Kuhusu dirisha hawakuzungumza tena.

Mvua za Machi zilileta mbu kwa wingi. Asubuhi moja, Theodosia alipiga hodi kama kawaida.

“Mwakeye!” aliita, salamu ya Kiha ambayo Mwanaamina alikuwa ameanza kuizoea.

Akaita tena. Ndipo alipoona moshi ukichirizika chini ya bati.

Alisukuma mlango, haukutikisika. Ndani mtoto alikohoa. Theodosia alikimbilia ukutani, akapiga debe kwa nguvu zake zote, na kabla mlio haujaisha, madebe yalikuwa yanaitikia mstari mzima. Veronica alikuwa wa kwanza kufika, jembe begani.

Yaliyokuwa yametokea yalijulikana baadaye. Mwanaamina alikuwa ameshikwa na malaria. Alitetemeka hadi meno yakagongana, na kwa kuwa asubuhi za Kibondo ni baridi, aliwasha jiko la mkaa, akalisogeza karibu na kitanda ili yeye na mtoto wapate joto. Homa ilimzidi. Kanga ikateleza kutoka kitandani ikaangukia makaa, na moto ukaanza kula godoro la sufi polepole.

“Mwanaamina!” Theodosia aliita, mdomo kwenye ufa wa dirisha. “Toa gogo mlangoni!”

“Siwezi kusimama,” ilijibu sauti, dhaifu, kama ya mtu anayeota.

“Basi njoo dirishani na mtoto. Ni hatua mbili tu. Tunalivunja.”

“Hapana. Abdalah kasema lisifunguliwe.”

Veronica alimtazama Theodosia. Moshi ulikuwa unazidi. Theodosia anasema hakufikiri, maneno yalimtoka yenyewe.

“Abdalah ndiye anayesema lifunguliwe! Mwanangu, unanisikia? Mumeo anasema umlete mtoto!”

Kisha wakasikia mtu akijiburuza sakafuni kuelekea dirishani.

Veronica alipiga jembe. Ubao wa kwanza ulipasuka, wa pili ukagoma. Theodosia aliushika kwa mikono miwili, akauvuta huku misumari ikimchana kiganja, mpaka ukaachia. Katika moshi ule palitokea mikono miwili myembamba ikimwinua mtoto. Theodosia alimpokea kifuani, mashavu yakiwa ya moto kwa homa, akampa mama aliyekuwa nyuma yake, kisha yeye na Veronica wakamshika Mwanaamina makwapani na kumvuta nje. Wengine walikuwa wameshaanza kurusha mchanga na ndoo za maji. Nyumba ilipona. Godoro na meza havikupona.

Mtoto alikuwa na malaria kama mama yake. Walibebwa wote wawili hadi hospitali kwa machela ya blanketi, wanawake wakipokezana. Theodosia alikaa kati ya vitanda viwili mpaka homa zikashuka. Mwanaamina alipopata fahamu vizuri, swali lake la kwanza lilikuwa: “Abdalah yuko wapi? Si alikuwepo?”

“Nilimwambia ukweli,” anasema Theodosia. “Nikamwambia, hakuwepo, mwanangu. Nilimsemea. Akageuza uso ukutani, akalia. Nami nikalia naye. Sikujua kama nimemwokoa au nimemwibia kitu.”

Bazilio alitengeneza dirisha jipya. Mwanaamina alilitumia bila kusema neno. Ila kwa miezi minne, Theodosia alibeba wasiwasi mmoja: siku koplo atakaporudi, atamwambia nini?

Alirudi Julai, amekonda, anachechemea mguu wa kulia. Majirani walipiga vigelegele. Theodosia aliwaacha washerehekee, kesho yake akajikaza akaenda. Alimkuta Abdalah amesimama nje peke yake, anapapasa fremu ya dirisha geni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Dirisha lako nililivunja mimi.”

“Nimeambiwa.”

“Tena nilitumia jina lako. Nilisema umeamuru, na hukuamuru.”

Mtoto alitoka mbio ndani, akamkumbatia mguu ule mzima, akajificha nyuma yake, akimchungulia Theodosia. Baba aliweka mkono juu ya kichwa chake.

“Mama,” alisema mwishowe, “siku ile ningekuwa hapa, ningesema hivyohivyo. Kule nilikokuwa nilikuwa nawawaza hawa kila jua likizama, nikasema angalau dirisha nimepigilia. Kumbe nilikuwa nimewafungia. Umenisemea vizuri.”

Aliinama akaushika mkono wa Theodosia wenye kovu la misumari, akaushikilia kwa muda, halafu akaenda ndani haraka, jinsi wanaume wanavyofanya wakitaka kulia.

Tangu hapo Mwanaamina hakai ndani. Asubuhi hii ya Agosti yeye ndiye aliyebeba kikapu. Shimo la matofali limejaa udongo, wanawake wananawa mikono, na mzunguko wa nyumba unaanza. Katika nyumba ya mwisho amehamia mke wa askari kijana, Esteri, ambaye hajazoea mtu. Theodosia anataka kupiga hodi, kisha anasita na kurudi nyuma.

“Nenda wewe,” anamwambia Mwanaamina.

Mlango unafunguliwa kidogo, halafu zaidi. Kutoka nje inasikika sauti ya Kipwani ikieleza bila haraka kwamba klorokwini ni chungu, lakini inywewe yote hata homa ikishuka. Kisha kicheko. Kisha sauti ya Esteri, ikisimulia anakotoka.

Theodosia anaketi kwenye jiwe, ananyoosha miguu. Ameomba uhamisho kwenda Kasulu, na amekubaliwa. Mwezi ujao atarudi Muyama, alikomzika Tharsisi, ambako anasema bado kuna kina mama wanaomfunika nguo nzito mtoto mwenye homa.

“Siendi kuwalaumu. Nami nilifanya hivyohivyo,” anasema. “Nataka tu kuwe na mlango wanaoujua. Mtoto akianza kuchemka, hata kama ni usiku wa mvua, mama ajue pa kukimbilia, aseme, ‘Theodosia, amka.’ Nami niamke.”