Mwaka Fedha Ilipoadimika Bukoba

Mume wangu alipofariki, ukoo wake ulikaa kikao uani kwetu, kule Muleba, kabla hata nyasi tulizolalia wakati wa matanga hazijaondolewa. Walizungumza kwa upole. Mkubwa wao aliniita mama, akanipa pole tena, kisha akaniambia kwamba kibanja, yaani shamba letu la migomba na kahawa, ni cha ukoo. Mikahawa niliyoipanda mimi ilikuwa sehemu ya kibanja. Vanila, ambayo maua yake niliyachavusha kwa vidole vyangu, ilikuwa sehemu ya kibanja. Na nyumba ilikuwa imesimama juu ya kibanja.

Nikauliza, "Na mabati? Mabati niliyanunua kwa pesa ya kushona."

Shemeji yangu mmoja akajibu, "Mabati yamekwisha kupigiliwa misumari."

Cherehani haikuwa imepigiliwa misumari. Nilikipakata kichwa chake kwenye bodaboda moja, meza yake ikafungwa nyuma ya bodaboda nyingine, nikashuka barabarani na binti yangu kutafuta basi la Bukoba. Watu hupenda kusikia kwamba baadaye nilisamehe. Sikusamehe. Nilipanga chumba mtaa wa Kashai, nikaanza kushona sare za shule.

Kwenye duka la sonara niliingia mara ya kwanza kwa sababu hereni ya binti yangu ilikatika. Sonara huyo alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Bukoba. Ndugu zake karibu wote walikuwa wamekwisha kuhama, yeye akabaki na mke wake na kiduka chembamba cha karibu na soko. Alinisalimia kwa Kihaya, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wengi wa siku hizi. Alipokuwa akiunga hereni, niliona juu ya mizani yake bangili nene, nyeupe, iliyochakaa kwa kuvaliwa.

"Hii unauzaje?" nikauliza.

"Hii ni fedha ya zamani, mama. Nauza kwa uzito tu. Watu wa leo hawaitaki, wanataka inayong'aa."

Aliniwekea mkononi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotazamia. Nikaifumbia ngumi, nikafikiri: hii hakuna atakayeipigilia misumari. Nikainunua siku ileile, na kodi ya chumba nikaomba kuilipa wiki iliyofuata.

Tangu hapo, kila msimu wa sare ulipokwisha, nilikwenda kwa yule mzee. Siku nyingine kikuku, siku nyingine mkufu uliokatika, siku nyingine rupia, sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani, ambayo mtu alikuwa ameikuta akichimba msingi wa nyumba. Sikuwa na siri. Jirani yangu aliponiuliza nimetoka wapi, nilimwambia nimetoka kununua fedha.

"Unanunua fedha kwa fedha?" akacheka. "Si ungebaki nayo tu?"

Nilimweleza kwamba noti ninazipokea na zinakwenda, ila hii inakaa. Hakuelewa, nami sikumlazimisha.

Taabu ilianza pale bei ilipopanda duniani. Redio ilianza kuitaja, halafu vijana wakaanza kuitazama kwenye simu zao, na ghafla kila aliyekuwa na kikuku cha bibi yake akakificha chini ya nguo sandukuni. Makabati ya vioo ya masonara wa Bukoba yakabaki na vitu vya shaba vilivyopakwa rangi. Nilikwenda duka moja baada ya jingine na jibu lilikuwa hilohilo: hakuna, mama. Katika duka moja, muuzaji aliangalia kanga yangu na kandambili zangu, akaniuliza kama mume wangu anajua ninachotafuta.

"Mume wangu ni marehemu," nikamwambia. "Fedha unayo au huna?"

Hakuwa nayo.

Nikapanda gari hadi Muleba mjini, mahali nilipokuwa nimeapa kupita tu bila kushuka. Nilisikia kwamba kuna sonara amefungua duka na ana mzigo. Kweli alikuwa nao: bangili safi, nyeupe pee, zimepangwa kwenye kitambaa cheusi. Nilichukua moja, nikaipima kwa mkono. Ilikuwa nyepesi kwa unene wake.

"Isugue kwenye jiwe la kupimia," nikamwambia. "Itie na dawa, nione kama ni fedha kweli."

"Huniamini, mama?"

"Sikujui."

Alisema dawa imemwishia. Nikamwambia basi na mimi nitarudi siku dawa itakapopatikana. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliyekuwa ameshika kipochi chake mkononi akakirudisha kwapani. Yule sonara alinitazama kwa hasira, nami nikamtazama vilevile mpaka akashusha macho.

Ziara hiyo ndiyo iliyozaa uvumi. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Kimwani, nyumbani kwa baba. Yeye ndiye mkubwa wetu, na tangu baba afe ndiye msemaji wa nyumba.

"Dada, nasikia unazunguka Muleba unatafuta rupia."

"Natafuta fedha. Rupia ikiwa ya fedha, nanunua."

"Unajua watu wanasemaje? Wanasema ni zile rupia za kuvuta mchele. Wanasema umejiunga na matapeli, au wachawi."

Huku kwetu mambo hayo yapo. Watu wazima wamepoteza ng'ombe wakitafuta rupia inayosemekana kuuvuta mchele ikiwekwa karibu nao, na kumpa mwenye nayo utajiri. Nikamwambia kaka kwamba mchele mimi nanunua dukani.

"Usifanye mzaha. Kama una akiba, ilete. Huku kuna kibanja kinauzwa, kimepakana na chetu. Tukiunganisha pesa tunakipata."

"Kitaandikwa jina la nani?"

"La nyumbani."

"Nyumbani siyo jina, kaka."

Akakata simu. Kwa majuma mengi hakupiga tena. Kanisani mama mmoja wa jumuiya yetu alinishauri niwaombe radhi wakubwa. Nilimuuliza niombe radhi kwa kosa gani, akasema, basi tu, kwa ajili ya amani. Nikamjibu kwamba amani ninayo.

Kisha yule mzee wa Bukoba akanipigia. Familia moja ya mtaa wa Bakoba, jamaa zake wa mbali, walikuwa wanahama, na walimwachia auze vikuku na bangili za bibi yao. "Njoo kesho asubuhi," akasema. "Nimekuwekea."

Nilifika mapema, lakini sikuwa wa kwanza. Ndani ya duka alikuwapo mwanamume mnene mwenye mkoba wa ngozi, mfanyabiashara kutoka Mwanza, anayezunguka mikoani kukusanya fedha yote anayoikuta. Vikuku vilikuwa tayari mezani mbele yake. Alikuwa ametaja bei, na ilikuwa juu ya ile tuliyokubaliana kwenye simu.

Nilisalimu, nikavuta kigoda, nikaketi. Nikatoa pesa yangu kwenye kitambaa nikaiweka mezani, kando ya vikuku.

"Mzee, ulisema nije leo," nikasema. "Nimekuja."

Mfanyabiashara akatabasamu. "Mama, hivi vyote utavivaa?"

"Sitavivaa."

"Sasa utavifanyia nini?"

"Nitakuwa navyo."

Akageuka kwa mzee kana kwamba mimi nimekwisha kutoka. Akapandisha bei. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Niliona anavyoyumba, na simlaumu. Duka halikuwa na wateja, na pesa ya mtu yule ilikuwa nyingi. Nilibaki pale kwenye kigoda, mikono mapajani, kama niliyekuja kusubiri nguo.

"Huyu mama hataondoka?" mfanyabiashara akauliza.

"Sitaondoka," nikasema.

Ndipo mzee, macho yakiwa kwenye mizani yake, akaniambia kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayelalamikia jua, nisiinuke kitini, na mtu huyu ana gari la kuwahi. Mfanyabiashara akauliza amesema nini. Mzee akamwambia ameniuliza habari za watoto. Nikajibu, kwa Kihaya pia, kwamba hawajambo.

Ikawa ni kusubiriana. Mke wa mzee alileta chai, akanipa kikombe na mimi. Mfanyabiashara alipiga simu, akatoka nje, akarudi, akapandisha tena kidogo, akasema hiyo ndiyo ya mwisho. Mzee akamwambia polepole kwamba mzigo una mwenyewe tangu jana na mwenyewe ameketi pale. Mtu wa Mwanza alinitazama kwa muda, akafunga mkoba wake, akasema kwamba wanawake wa Bukoba ni wakaidi.

"Ndiyo," nikamwambia.

Alipoondoka, mzee alisugua kila kikuku kwenye jiwe mbele yangu bila kuambiwa, akakitia dawa, akanionyesha. Kisha akaniomba niongeze kidogo, kwa sababu ameikataa pesa kubwa kwa ajili yangu. Niliongeza. Hata yeye anakula.

Nilitembea kwa miguu hadi Kashai, mfuko kifuani chini ya kanga, nikiwapita vijana wa bodaboda waliokuwa wakiniita nipande. Nilipoweka vile vikuku sitapasema, hata hapa.

Miezi ilipita na bei ikashuka. Ilishuka kwa kasi ileile iliyopanda nayo, na waliokuwa wameficha wakaanza kurudi madukani na vikuku vyao, wengine wakiwa na haya. Mimi nilikwenda kwa mzee nikanunua tena, kwa nafuu.

Kaka yangu alikuja Kashai wakati huo. Alileta mkungu wa ndizi na lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye dumu, na binti yangu, ambaye sasa anasoma chuo na alikuwa likizo, akampokea, akatupikia. Tulipoketi kula, akazungumza habari za mvua na za kahawa, kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Nasikia bei imeanguka. Umepata hasara."

"Anayepata hasara ni anayeuza. Mimi siuzi."

"Na siku ukifa?"

Nikamwonyesha binti yangu kwa kidevu. "Huyu anajua fedha ilipo."

"Na mimi je? Mimi si kaka yako?"

"Wewe una kibanja cha baba," nikasema. "Chote. Nilikuwapo ulipopewa, nilikuwa jikoni nikiwapikia waliokupa."

Kaka aliitazama sahani yake. Nilidhani ataondoka, na kama angeondoka nisingemfuata mlangoni. Lakini hakuinuka. Baada ya muda alisema, kwa sauti ya chini, kwamba ndizi zimeiva vizuri. Nikampakulia nyingine.