Ouma Hakuiba Dizeli

Odhiambo, mwanangu wa mwisho, soma hii na usijifanye huna bando.

Mwezi jana nilimwita dereva wangu Ouma mwizi wa dizeli, katikati ya soko la Rangwe. Akasema, "Mama, uliza kijana wako." Nikamfukuza.

Ouma ameenda, na wewe ndiye unaendesha pikapu. Dizeli bado inaisha upesi vilevile.

Leo nimeita fundi. Ameingia ndani ya gari akacheka.

"Dani, bibi yangu, hii gari iko kwa fowili. Nani anavutisha magurudumu yote manne kwa lami?"

Nikamwambia wanne wakibeba gunia, si linakuwa jepesi?

"Hapana, Dani. Hapa wote wanne wanakula."

Nimekupigia simu. Unasema unaweka hiyo gia kwa matope ya Asumbi, halafu unaona uvivu kuitoa, unaenda nayo hivyo mpaka Migori. Na ulijua inakunywa mafuta.

Ulijua. Siku ile namtukana Ouma, ulikuwa kando yangu unakula ndizi.

Kesho ni soko, na Ouma atakuwepo. Simama palepale useme ni wewe. Mimi nitasema yangu. Kisha mpe Ouma funguo kwa mikono miwili.