Muziki Chini ya Sauti ya Kaka

Nilikuwa nakuna nazi redio ilipotangaza washindi wa tuzo kubwa za filamu huko ng'ambo. Mtangazaji akasema kuna tuzo ya wimbo, na nyingine ya muziki uliotungwa mahsusi kwa ajili ya filamu. Nikaacha kukuna. Muziki upi? Nimeangalia filamu tangu nina akili zangu, na muziki wake sikumbuki hata mmoja.

Sababu ni kaka yangu. Ana banda la video hapa Kibiti, na filamu za kizungu huzitafsiri mwenyewe papo kwa papo, kipaza sauti mkononi. Mtu akikimbizwa, kaka anahema naye. Akifa, kaka anamsomea wasifu. Watu hupanda bodaboda kutoka Mtawanya kuja kumsikia yeye, filamu ni kisingizio.

Mimi udadisi ukiniingia sina adabu. Nikamfuata.

"Kaka, ile filamu iliyoshinda tuzo ya muziki unayo?"

"Imo kwenye flashi. Kwani vipi?"

"Iweke leo alasiri. Na muziki ukianza, unyamaze."

Akanitazama kama nimemtukana. "Nikinyamaza, watu wamekuja kumsikiliza nani?"

Hakuwa anatania. Sauti ndiyo iliyompa jina, na aliogopa watu wasije wakagundua kwamba filamu inakwenda bila yeye. Nikambembeleza: sehemu moja tu.

Alasiri banda lilijaa. Katika filamu, mama mmoja alianza kufua nguo za mwanawe aliyekufa. Kaka akashusha kipaza sauti.

"Spika imekufa!" mtu akapiga kelele. "Wee, tafsiri!"

Jasho lilimtoka kaka, lakini hakusema. Ndipo nikausikia muziki: kinanda peke yake, kinapiga kidogo, kinangoja, kinapiga tena. Kelele zikaisha zenyewe. Mzee mmoja mkata mikoko, aliyekuja mjini kwa matibabu, alivua kofia akaishika mapajani. Nilifurahi, kisha nikaona aibu. Miaka yote hiyo kulikuwa na mtu anatuambia jambo kwa muziki, nasi tunamfunika kwa vicheko.

Nilidhani kaka atanigombeza. Usiku, tukila, akasema tu kwamba watu wameuliza ataiweka tena lini.

Siku hizi hunyamaza mara mbili tatu kila filamu, mahali anapopachagua mwenyewe. Zamani akirudi nyumbani aliniuliza kama amechekesha. Sasa ananawa mikono, anakaa, na bila kunitazama anauliza, "Leo nimenyamaza vizuri?"